Sala za Wakopti zatuhusu nini sisi wa Lubarika?

Jumapili moja, baada ya Misa huko Lubarika, tulikaa chini ya mwembe pamoja na waalimu wa dini waliotoka vijijini. Tuliwaeleza habari za Eklezya ya Misri na sala zake za zamani. Mwalimu mmoja mzee, aliyefundisha katekisimu tangu ujana wake, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: « Padri, Misri ni mbali, na watu wa kule ni Waislamu. Sisi huku tuna shida zetu. Mto unachukua mashamba, majirani hawasalimiani, vijana wanatukimbia usiku na kwenda katika vyumba vya sala. Sala za Wakopti zatuhusu nini? »

Swali hilo ni la haki, wala si la mzee yule peke yake. Hata katika seminari kubwa, mwanafunzi akifika kwenye sura ya liturjia za Mashariki, huisoma kwa ajili ya mtihani, halafu huifunga. Basi tumeona yafaa kulijibu polepole. Tena tunataka kulijibu kwa shida zile zile tatu alizozitaja mzee: mto, majirani, na usiku. Maana Wakopti wamezitia zote tatu katika sala yao tangu zamani. Na sisi tunayo ruhusa ya kufanya vilevile, lakini hatuitumii.

1. Wakopti ni nani?

Wakopti ni wakristu wa Misri. Jina lao latoka katika neno la Kigriki lenye maana ya « Mmisri », ambalo Waarabu walilitamka kwa namna yao. Kweli, wengi katika nchi ile ni Waislamu. Lakini wakristu wako kwa mamilioni, nao walikuwako kabla ya Waarabu kuingia katika karne ya 7. Mapokeo yasema kwamba Mtakatifu Marko ndiye aliyewahubiria watu wa Aleksandria. Katika nchi yao waliishi Mtakatifu Antoni na Mtakatifu Pakomi, baba wa wamonaki. Na askofu wao Atanasi aliteswa na kufukuzwa mara nyingi kwa sababu alishika kwamba Kristu ni Mungu kweli.

Mwaka 451, baada ya Konsilio ya Kalsedoni, sehemu kubwa ya Eklezya ya Misri ilitengana na Roma na Konstantinopoli. Utengano huo wadumu mpaka leo. Walakini tarehe 10 Mei 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia sahihi pamoja tangazo la imani yao moja katika Yezu Kristu, Mungu kamili na mtu kamili. Wako pia Wakopti Wakatoliki, wenye patriarki wao, nao husali kwa liturjia ile ile ya mababu zao.

Lugha ya Kikopti ni lugha ya Misri ya kale, lugha ya mafarao, iliyoandikwa kwa herufi za Kigriki na nyingine chache za kienyeji. Karne nyingi baadaye watu walianza kusema Kiarabu nyumbani, na Kikopti kikawa kigumu kwao. Katika karne ya 12 patriarki Gabrieli II aliruhusu masomo yasomwe kwa Kiarabu, ili watu wasikie na kufahamu. Leo katika Misa moja ya Wakopti utasikia Kikopti, Kiarabu, na hata maneno ya Kigriki kama Kyrie eleison. Mkristu wa Lubarika hawezi kushangaa. Yeye naye husali kanisani kwa Kiswahili, huimba mara nyingine kwa Kilatini, na akiwa na uchungu mkubwa moyoni humwita Mungu kwa Kifuliru.

2. Misri si mbali

Mzee alisema Misri ni mbali. Lakini simama Lubarika asubuhi bila ukungu, utazame ng'ambo ya Ruzizi. Huko Rwanda na Burundi kuna mgongo wa milima unaogawanya mvua. Maji yanayoanguka upande wetu hushuka Ruzizi, huingia katika ziwa Tanganyika, halafu hufuata njia ya mto Kongo. Yale yanayoanguka upande wa pili huenda katika mto Nili, nayo hufika Misri. Wakopti wakiombea maji ya mto wao, huombea pia, bila kujua, mvua ya milima ya jirani zetu.

Katika sala ni vilevile: tuko karibu kuliko tunavyodhani. Kila mtoto wa katekisimu hufundishwa ile sala fupi ya kukimbilia ulinzi wa Mzazi wa Mungu. Maandiko yake ya zamani kuliko yote tunayoyajua yalipatikana Misri, kwa Kigriki, katika kipande cha karatasi ya mafunjo kilichochapishwa mwaka 1938. Wataalamu wengine wasema ni cha karne ya 3, wengine wasema ni cha baadaye. Wakopti wangali wanaisali, na sisi tunaisali. Mtoto wa Lubarika na mtoto wa Kairo wana Mama mmoja na maneno yale yale.

Tazama tena Sala ya Ekaristi ya pili, ile fupi ambayo mapadri wengi huipenda. Ilitengenezwa kufuata sala ya kitabu cha kale kiitwacho Mapokeo ya Mitume. Zamani walisema kitabu hicho ni cha Hipoliti wa Roma. Leo wataalamu wengi wana shaka. Lakini jambo moja ni hakika: sehemu kubwa ya kitabu hicho ilihifadhiwa na Wakopti, hata wataalamu wa kwanza walikiita « Kanuni ya Eklezya ya Misri ». Na ile sala yenyewe ya Ekaristi ilihifadhiwa kwa Kilatini na kwa lugha ya Etiopia. Waetiopia, ambao askofu wao wa kwanza aliwekwa na Atanasi wa Aleksandria, wanaisali mpaka leo katika sala wanayoiita ya Mitume. Vilevile Sala ya Ekaristi ya nne imechota sana katika Sala ya Mtakatifu Basili, ambayo Wakopti huitumia karibu kila Jumapili. Papa Paulo VI alipotupa sala hizo mwaka 1968, hakutuletea jambo geni. Sehemu yake ilikuwa mali ya Afrika iliyorudi nyumbani.

3. Maji, mbegu na hewa

Sasa tufike kwenye mto. Katika Misa na katika sala za saa, Wakopti wana ombi moja linalobadilika kufuata majira ya mwaka. Tangu kati ya mwezi wa sita mpaka mwezi wa kumi, wakati Nili ilipokuwa ikijaa, huombea maji. Tangu mwezi wa kumi mpaka kati ya mwezi wa kwanza, wakati wa kupanda, huombea mbegu na majani. Halafu mpaka mwezi wa sita huombea hewa na matunda. Hawaombi maji mengi tu. Huomba maji yapande kwa kipimo chake, ili maskini wa watu, mjane, yatima na mgeni wapate kula. Mwaka 1970 bwawa kubwa la Aswan lilikamilika, na mafuriko ya Nili yakakoma. Sala haikukoma. Wakopti wanajua kwamba hata maji yaliyofungwa na ukuta wa watu bado yako mkononi mwa Mungu.

« Kwa kipimo chake »: nani katika bonde la Ruzizi asiyefahamu maana yake? Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe na mito mingine ilifurika katika mji wa Uvira. Watu makumi walikufa, nyumba maelfu zilibomoka. Katika miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda na kuingia katika nyumba za watu wa pwani. Na huku bondeni kila mwaka mito inayoshuka milimani huchukua mpunga wa mmoja na kuacha mchanga katika shamba la mwingine. Kiangazi kikizidi, ni kilio kingine.

Zamani liturjia ya Kilatini ilikuwa na siku za Rogasioni, ambazo watu walizunguka mashamba wakiimba litania. Kalenda ya mwaka 1969 iliwaachia maaskofu wa kila nchi kuzipanga, na mahali pengi zimesahauliwa. Tumeacha pengo. Mkristu ambaye shamba lake limechukuliwa akija kanisani asisikie neno lolote juu ya mto, atafikiri kwamba Mungu wa kanisani hajui mambo ya maji. Atamtafuta mwingine anayeyajua, naye atampata kwa mganga.

Walakini Misale yetu ya Kongo yatusaidia. Maaskofu wetu waliomba tangu mwaka 1961 liturjia inayofaa watu wetu, na tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilithibitisha Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, kazi ambayo kardinali Malula aliitetea kwa nguvu. Katika sala yake ya Ekaristi padri humshukuru Mungu kwa maji, mito, maziwa na samaki, kwa misitu na milima. Hapo tunashukuru. Wakopti watufundisha kuongeza jambo la pili, yaani kuomba, tena kufuata majira.

4. Amani kabla ya sadaka

Shida ya pili ni majirani. Katika liturjia ya Wakopti, kabla ya Sala kuu ya Ekaristi kuanza, padri husali sala ya upatanisho. Halafu shemasi huwaamuru watu wasalimiane kwa busu takatifu. Ndipo wanapoendelea na sadaka. Ni agizo la Bwana wetu mwenyewe: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako, upatane naye kwanza.

Misale yetu ya Kongo imepanga vilevile. Baada ya Injili, mahubiri na Nasadiki, tunaungama dhambi, tunanyunyiziwa maji, tunapeana amani. Kisha tunaomba maombi ya waamini na kuleta vipaji. Wageni wengine hudhani kwamba tulibadili utaratibu kwa kupenda mambo mapya. Sivyo. Kuweka amani kabla ya sadaka ni desturi ya kale sana, na Eklezya ya Misri imeishika mpaka leo.

Tuliona nguvu yake siku moja. Watu wawili wa kijiji kimoja walikuwa wamegombana: ng'ombe wa mmoja alikula muhogo wa mwenzake, na maneno yakawa mengi, hata makabila yakatajwa. Katika bonde letu, ambamo damu imemwagika mara nyingi kati ya majirani, ugomvi wa namna hiyo si mdogo. Jumapili ile wote wawili walikuwa kanisani. Wakati wa amani watu walipeana mikono, waimbaji wakaimba, lakini hao wawili walibaki kila mtu mahali pake, na watu waliwaona. Tulikuwa karibu kuwaita wenye vipaji. Tukasita, tukangoja. Wimbo ukaisha, kanisa likanyamaza. Mwishowe mwenye ng'ombe akatoka mahali pake, akavuka kanisa, akampa mwenzake mikono yote miwili. Shauri la muhogo liliamuliwa baadaye mbele ya wazee, na ng'ombe walilipiwa. Lakini lilianza kuisha pale.

Tukiri kosa letu: Jumapili nyingine nyingi hatukungoja. Tuliifanya amani kuwa nafasi ya wimbo na ngoma tu, tukaruka haraka kwenye sadaka. Utaratibu mzuri tunao katika kitabu. Lakini kitabu hakiwapatanishi watu, padri asipouchukua kwa moyo.

5. Usiku ni wa nani?

Shida ya tatu ni vijana. Twasikia wakatoliki wakilalamika kwamba vijana huenda kukesha katika vyumba vya sala, ambamo wanaahidiwa miujiza na kuombwa fedha. Tuwalaumu? Kwanza tujiulize: kijana akitaka kusali usiku, sisi tumemwekea nini? Mara nyingi kanisa limefungwa kwa kufuli.

Wakopti wana kitabu cha sala za saa saba, chenye zaburi nyingi, ambacho si cha wamonaki peke yao. Mama wa nyumbani na mwanafunzi huwa nacho. Usiku wa manane huimba Sifa zao: wimbo wa Musa baada ya kuvuka bahari, zaburi ya rehema idumuyo milele, wimbo wa vijana watatu katika tanuru, na zaburi za mwisho za kusifu. Katika sala zao hurudia Kyrie eleison mara 41: mara 39 kwa mapigo ya mijeledi aliyopigwa Bwana, moja kwa taji la miiba, moja kwa mkuki. Si kupayuka. Ni kupiga hodi kwa subira mlangoni mwa Baba. Watu wetu, wanaojua kuitikia wimbo mpaka usiku wa manane kwenye kilio, wangeifahamu sala hiyo mara moja.

Lakini tuseme ukweli wote. Wakopti hufunga zaidi ya siku 200 kila mwaka. Nyimbo zao zimeshikwa na njaa ya kufunga, kama nyumba ishikwavyo na nguzo. Sisi tumepata ruhusa ya ngoma na kucheza katika Misa, na tumeipokea kwa furaha, tumefanya vema. Je, kufunga, kunyamaza na kukesha tumevipokea kwa furaha ile ile? Liturjia isiyo na hayo ni ngoma ya siku moja. Asubuhi watu wameisahau.

6. Damu ya mashahidi

Wakopti huhesabu miaka yao tangu mwaka 284, mwanzo wa utawala wa Dioklesiano, aliyewaua wakristu wengi. Huita miaka hiyo Miaka ya Mashahidi. Katika Misa, baada ya somo la Matendo ya Mitume, husoma habari za mtakatifu wa siku hiyo. Si jambo la zamani tu. Mwezi wa pili 2015 watu 21 waliuawa pwani ya Libya kwa sababu ya jina la Yezu: 20 walikuwa Wakopti wa Misri, mmoja mtu wa Ghana. Tarehe 11 Mei 2023 Papa Fransisko, mbele ya Papa Tawadros II, alitangaza kwamba majina yao yanaingizwa katika kitabu cha mashahidi cha Roma.

Na sisi? Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa huko Baraka padri Luigi Carrara na bruda Vittorio Faccin, na huko Fizi padri Giovanni Didonè na abe Albert Joubert, mwana wa kapiteni Joubert na mama Mwafrika. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, kardinali Ambongo aliwatangaza wenye heri. Sikukuu ilikuwa kubwa, watu walivaa nguo zenye picha zao. Nguo zitachakaa. Tusiposoma habari zao kila mwaka mbele ya watoto, jina la abe Joubert litapotea katika nchi ile ile iliyokunywa damu yake.

7. Basi, tufanye nini?

Kwanza, tujihadhari. Konsilio ya Vatikano ya pili imesema wazi kwamba hakuna mtu, hata padri, awezaye kuongeza au kupunguza neno katika liturjia kwa shauri lake mwenyewe. Hatusemi basi kwamba tuingize sala za Wakopti katika Misa. Tena tusijifanye kwamba umoja umekwisha patikana: mwezi wa tatu 2024 sinodi ya Wakopti ilisimamisha mazungumzo ya teolojia na Roma. Jambo hilo latuumiza, nalo latupa sababu nyingine ya kuwaombea.

Lakini yako mambo manne ambayo hakuna anayetukataza. Katika maombi ya waamini, ambayo twaweza kuyatunga wenyewe, tuombee mbegu mwezi wa tisa, maji wakati wa mvua kubwa, hewa na mavuno wakati wa kiangazi. Wakati wa amani, tungoje. Mara moja kwa mwezi tufungue kanisa usiku, kwa zaburi, masomo na ukimya, katekista akiongoza kama padri hayupo. Na siku ile tufunge. Mwisho, kila tarehe 28 Novemba tusome habari za mashahidi wetu katika kila jumuiya ndogo, nyumbani kwa watu.

Ndugu waseminari, mnapofika kwenye sura ile ya liturjia za Mashariki, msiifunge mara mtihani ukiisha. Ndani yake mtaona Waafrika waliomsali Kristu kwa lugha yao, kando ya mto wao, chini ya watawala wengi wasiowapenda, karne baada ya karne, wala hawakuchoka.

Mzee wetu wa Lubarika hakutupa jibu siku ile. Alisema tu kwamba amesikia. Jumapili iliyofuata, katika maombi ya waamini, alisimama na fimbo yake, akaomba kwa Kifuliru kwamba Mungu atupe maji ya kutosha mpunga, yasiyozidi, na kwamba asimsahau mjane ambaye shamba lake liko kandokando ya mto. Misri hakuitaja. Watu wote wakaitikia.